Dada yangu alikataa kukatwa mguu mara ya pili kwa sababu ya samaki ninaowatunza maabara

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wenzangu na kuondoka kimya kimya. Leo naandika, na sitaongeza chumvi. Yaliyotokea yanatosha yalivyo.

Ni mzaliwa wa Kindu, Maniema, Kongo. Kiswahili changu kina Ukongo ndani yake, mtanivumilia.

Nililelewa na dada yangu mkubwa, Yaya Zaina. (Kwetu "yaya" ni mkubwa wako wa kuzaliwa, si mfanyakazi wa ndani.) Mama alikufa kabla sijaanza shule, Zaina akawa ndiye mama.

Miaka ya vita mji wetu ulizungukwa. Askari walikuwa mjini, wapiganaji msituni, sisi katikati. Treni haikuja tena. Mashambani hakukufikika. Watu walichemsha mashina ya mipapai na kuwapa watoto.

Siku moja Zaina alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi na wanawake wengine, wakaenda ng'ambo ya Alunguli kuchuma sombe, yaani majani ya muhogo, kwenye shamba letu. Wakati wa kurudi walipigwa risasi. Nani alipiga, hatujui mpaka leo.

Risasi ilivunja mfupa wa mguu wa Zaina. Walimleta amelala mtumbwini juu ya majani aliyochuma.

Hospitali haikuwa na dawa ya usingizi. Walimwambia wanasafisha tu kidonda, kumbe wanakata. Wanaume walimshika. Mimi nilikuwa uani, nikasikia yote. Hapo sitaandika zaidi.

Sombe ile tuliipika, tukaila. Hapakuwa na kingine.

Alibaki na goti na kipande kifupi chini yake. Kovu lilikuwa baya, lilipasuka na kufunga, likapasuka tena, miaka nenda rudi. Kwa magongo yake alikwenda sokoni kuuza mafuta ya mawese. Mafuta hayo ndiyo yaliyonisomesha hadi Kisangani, na kutoka hapo nikapata nafasi ya kwenda Ulaya.

Sasa kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Nafanya kazi maabara, natunza samaki wadogo wenye mistari, wanaitwa zebrafish. Ukimkata pezi la mkia, linaota tena lote. Hata moyo ukiumia, unajijenga. Binadamu hawezi, sisi tunaziba na kovu tu.

Wakubwa zangu wanatafuta ni jeni zipi zinazofanya hivyo. Shida ni kwamba jeni nyingi za kuotesha pezi ndizo zinazomjenga samaki tangu yuko ndani ya yai. Ukiiharibu mwanzoni, anakufa kabla hujajifunza kitu.

Kwa hiyo wanaitegea jeni mtego. Wanaweka alama pande mbili za jeni, halafu wanaweka kitu kama mkasi ambacho kinalala ndani ya seli za pezi tu. Samaki anakua vizuri, mzima kabisa. Akishakuwa mkubwa, tunatia dawa kwenye maji, mkasi unaamka, jeni inakatwa. Hapo tunamkata mkia na kuangalia kama utaota.

Ukikataa kuota, tumejua jeni ile ina kazi. Ni hivyo tu. Hakuna dawa ya mtu hapo.

Tuendelee.

Binamu yangu Amisi, dereva wa pikipiki pale Kindu, aliona video ya samaki hao kwenye simu. Akamwonyesha Zaina, akamwambia hii ndiyo kazi ya mdogo wako. Alisema kwa moyo mzuri. Zaina hakuniuliza chochote. Aliliweka moyoni.

Mwaka jana Amisi akanipigia. Kidonda kimefunguka na kinatoa harufu. Hospitali wamesema ni kansa, imetokea kwenye kovu lile la zamani, lazima wakate juu ya goti haraka. Zaina amekataa, na wiki zinapita.

Nikaomba ruhusa, nikapanda ndege.

Amisi alinipokea uwanjani. Kabla hatujafika nyumbani alisimamisha pikipiki pembeni. Alisema Zaina anangoja mguu uote kama mkia wa samaki wangu, akaniomba nimwambie kwamba dawa ya samaki ipo, ila inahitaji mguu ukatwe upya kwanza ndipo uote. Alisema, "Umudanganye. Atakubali, atapona. Kisha atakusamehe."

Wakuu, nilifikiria. Nisiwafiche, nilifikiria njia nzima.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, amekonda, kidonda amekifunika kwa kikwembe, yaani kitenge. Harufu ilikuwa imejaa chumba. Tuliulizana habari za watu, tukala. Halafu mwenyewe akaanza.

"Wakikata juu, goti itaenda," alisema. "Sasa muguu itaotea wapi? Iyo samaki yako, mukimukata mukia yote mupaka kwa mwili, inaota?"

Nikamwambia hapana, lazima shina libaki.

"Njo vile nilifikiri."

Ndivyo alivyofikiri, na alikuwa amewaza sawasawa kabisa. Hilo ndilo lililonivunja. Nikakumbuka walivyomdanganya mara ya kwanza, nikashindwa kuwa wa pili.

Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi. Mkasi, dawa ya kwenye maji, yote. Alisikiliza bila kunikata.

"Kwa hiyo munamukata, na tena munamukataza kuota?"

"Ndiyo, yaya. Ili tujue ni nini kinamuotesha."

"Na muntu?"

"Hakuna, yaya. Mimi na weye tutakufa, haitakuwa imefika."

Hakulia. Alinyoosha kikwembe chake, akasema, "Basi waambie wakate."

Akauliza kitu kimoja tu, kama safari hii watamlaza usingizi. Nikamwambia ndiyo. Na walimlaza.

Operesheni ilikwenda vizuri. Kansa ndiyo ilikuwa imekwisha kupanda kwenye tezi za kinena. Daktari, kijana mpole, alinieleza kwamba tulichelewa. Nilikaa na Zaina hadi mwisho, nikimwosha na kumgeuza kama alivyonifanyia mimi. Alikufa asubuhi ya Ijumaa, mvua ikinyesha. Tulimzika siku ile ile.

Amisi haongei na mimi tangu hapo. Anasema nilimnyang'anya matumaini, akaondoka duniani bila kitu mkononi. Mimi naona nilimheshimu. Kuna siku sina uhakika.

Nilichojifunza: kidonda au kovu la zamani linalofunguka na kukataa kupona, lipeleke likapimwe mapema. Usisubiri dawa uliyoiona kwenye video. Na sisi tunaofanya kazi hizi, tuwaambie ndugu zetu utafiti umeishia wapi kabla hawajajipangia wenyewe.

Nimemaliza. Kama una mgonjwa wa hivi nyumbani, au uliwahi kusimama hapo niliposimama, andika hapa chini, nitasoma yote. Ungekuwa wewe, ungemwambia nini?