Viganja vya Mwalimu Darubini

Wanafunzi walimpa jina la Darubini, na hakuna aliyewahi kusema wamekosea. Kwa miaka ishirini na minane Mwalimu alisimamia mitihani akitembea kwa raba zisizo na mlio, na kabla ya karatasi kugawiwa alikuwa na amri moja: "Onyesheni viganja!" Aliyeandika jibu mkononi alijuta kuzaliwa. Kisha darasa zima, wenye makosa na wasio nayo, lilisomewa somo lile lile: "Anayeibia majibu ananificha mahali asipojua. Sasa mimi nitamsaidiaje?"

Mumewe alikuwa fundi seremala. Alimpata Mwalimu alipokuja kutengeneza madawati ya shule, kazi ya wiki mbili iliyomchukua miezi mitatu, na wenye macho walijua kwa nini. Jina la Darubini alilibeba hadi nyumbani. Kila walipokaa mezani alitanguliza mikono yake: "Haya Darubini, kagua. Nimenawa."

Sasa fundi huyo alikuwa amelala wodini, bendeji imemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Jumatatu walimtoa uvimbe kwenye ubongo. Kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache, Sista, muuguzi mkuu wa wodi, alimruhusu Mwalimu kuingia asubuhi amfute mumewe mwili na kumbadilisha shuka, naye akawa anabaki pale miguuni pa kitanda daktari anapopita.

Jumatano daktari aliuliza maswali yake matatu. Jina? Fundi alilitaja. Hapa ni wapi? Hospitali. Leo siku gani? Fundi aliangalia dari, akaangalia dirisha.

"Jumamosi," akasema.

Daktari aliandika kitu kwenye faili, akamwambia msaidizi wake kwa sauti ya chini: "Kesho akiwa hivi, apigwe picha. Huenda tukafungua tena."

Kufungua tena! Mwalimu alishika chuma cha kitanda. Jumatatu alikaa kwenye benchi la koridoni saa sita nzima, akitazama mlango wa chumba cha upasuaji, na alikuwa ameapa hatakaa pale mara ya pili. Aliamini, kama alivyoamini kwamba moja na moja ni mbili, kuwa mumewe akirudishwa mle ndani hatatoka mzima.

Basi Alhamisi asubuhi, katika choo cha wageni, mwanamke aliyewatoa jasho watoto wa watu alichukua kalamu ya wino akaandika kwenye kiganja chake cha kushoto, kwa herufi kubwa: ALHAMISI. Nyani haoni kundule, lakini huyu aliliona vizuri, akalifunika kwa mtandio.

Daktari alipouliza siku, Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Akainua mkono kama anayerekebisha mtandio. Fundi alikitazama kiganja kwa muda mrefu, hata Mwalimu akahisi jasho likimteremka mgongoni, akaanza kuhofia wino.

"Al-ha-mi-si," Fundi akasema, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Safi sana, mzee wangu!" Daktari akafunga faili. "Picha haina haja. Tuendelee kumwangalia tu."

Mwalimu alishusha pumzi. Hata fahari aliiona, Mungu amsamehe.

Alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, alirudi na uji. Fundi alikuwa amelala, akaamshwa, akalala tena. Mwalimu alipomwekea kijiko katika mkono wa kulia, kikaanguka. Akamrudishia, kikaanguka tena. Mkono huo ulikuwa umepiga randa maisha yake yote.

"Fundi, nitazame. Unajisikiaje?"

Akafumbua jicho moja. "Samahani dada," akasema taratibu, kwa ile adabu aliyompa mteja mgeni, "mke wangu amekuja?"

Mwalimu akatazama kiganja chake. Alikuwa amekisugua kwa sabuni, lakini buluu ilibaki kwenye mistari. Akisema, ni yeye atakayempeleka mumewe kwenye kisu kwa mdomo wake mwenyewe. Akinyamaza, mficha maradhi kilio humuumbua. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akaenda kwenye meza ya Sista, miguu mizito.

"Sista, mwite daktari. Asubuhi mume wangu hakujua siku. Mimi ndiye niliyemwonyesha jibu." Akanyoosha kiganja. "Na sasa mkono wake umelegea, na hanijui."

Sista alikwenda kitandani. Alimmulika Fundi jicho moja kwa tochi, kisha la pili, halafu akaondoka mbio, na mtu wa umri wake hakimbii bure.

Picha ilionyesha damu iliyovuja, imeugandamiza ubongo. Daktari alimkuta Mwalimu koridoni. Mwalimu alisubiri atukanwe, angeona nafuu.

"Mama, yale maswali si ya kumfaulisha wala kumfelisha mtu," daktari akasema. "Ndiyo macho yangu yale. Ulinifumba macho." Akasukuma mlango wa chumba cha upasuaji, akaingia.

Benchi lilikuwa lile lile. Mwalimu hakumpigia mtu simu aje kumliwaza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kila mlango uliposukumwa alisimama. Akatoka mfagiaji. Akatoka mtu na mtungi wa hewa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama daktari alipotoka, barakoa inaning'inia shingoni.

"Damu tumeitoa. Kama atarudi alivyokuwa, siwezi kukuahidi. Tusubiri."

Ijumaa Fundi alilala tu. Jumamosi alifumbua macho, akanywa maji, hakutamka kitu.

Jumapili asubuhi daktari alifika. Bila kuambiwa, Mwalimu alirudi nyuma hadi ukutani, mikono mgongoni, midomo ameibana.

"Jina lako?" Fundi akalitaja.

"Hapa ni wapi?"

"Hospitali. Chakula chenyewe kinajieleza."

"Leo siku gani?"

Fundi akafikiri. "Jumatatu."

Mwalimu aliuma ulimi. Daktari akaandika. "Na yule pale ukutani ni nani?"

Fundi aligeuza kichwa polepole, bendeji na yote. Alimtazama kuanzia raba hadi mtandio. Jina lake Mwalimu alikuwa nalo mdomoni, akalimeza.

Fundi akainua mkono wa kulia. Ulitetemeka, lakini ulipanda, ukamnyooshea kidole.

"Huyo ni Darubini," akasema. "Mwambieni aonyeshe viganja."

Mwalimu akatoka ukutani, akilia mbele ya wodi nzima bila kujali, akavinyoosha vyote viwili.