Nyama ya Mwenyewe

Mimi ni mtoto wa Kadutu. Nilikulia katika zile nyumba za Bukavu zilizobanana mlimani, jirani akipiga chafya wewe unasema pole, na mnyama mkali niliyemfahamu kabla sijaolewa ni panya wa sokoni. Chui nilimwona kwenye noti, kwenye jezi za timu ya taifa, na kwenye kofia ya mkubwa wa nchi katika picha iliyotundikwa kila ofisi. Miaka ile ya Zaire, mjini chui alitajwa kutwa kucha. Sikujua kwamba huko anakoishi yeye hasa, jina lake halitamkwi.

Nilikuja kujua nilipoolewa na Mshi, mtu wa kabila la Washi, wa Kabare. Mume wangu alikuwa na kazi mjini, na kiangazi kimoja, mtoto wetu wa kwanza alipoanza kutembea, alinipeleka kukaa kwa wazazi wake, huko juu ya kijiji cha Miti, ambako mashamba yanakwisha na msitu wa Kahuzi unaanza. Baba yangu mzazi ni mtu wa Shabunda na kwetu tulisema Kiswahili tu, kwa hiyo Mashi, lugha ya Washi, ilinipita masikioni bure. Wakwe zangu walikuwa watu waungwana. Wakiwa nami walisema Kiswahili, ili bibi arusi asijione mgeni. Ukarimu huo ulitaka kutuulia mtoto.

Nieleze. Katika Mashi watu wa kilima kile walikuwa na neno lao la kumzunguka chui, kwa sababu anayemtaja amemwita. Mwenye nyumba naye ana neno lake, jingine kabisa. Lakini walipotafsiri kwa ajili yangu, maneno yote mawili yaliangukia mahali pamoja: mwenyewe. Mwenyewe alikuwa chui, na mwenyewe alikuwa baba mkwe. Wao walisikia tofauti. Mimi nilimjua mwenyewe mmoja tu, yule mzee aliyekaa kwenye kiti cha mianzi na kunywa kasiksi, pombe yake ya ndizi.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa nawasha moto nikasikia mtu anakata mbao. Sauti ilitoka upande wa msitu, msumeno mkavu, unakwenda na kurudi, halafu kimya, halafu tena, karibu zaidi. Nikamuuliza mama mkwe ni nani anayepasua mbao mapema hivyo. Aliacha kufagia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mwenyewe anapita, nisitoke na mtoto. Nikashangaa, maana baba mkwe alikuwa bado anakoroma ndani. Nikajiambia labda ni mwenye msitu wa mikaratusi uliokuwa jirani, mtu mkorofi asiyetaka kuonwa. Niliona ni tabia za watu wa vijijini, kila jambo kunong'ona.

Kabla ya juma kuisha mbuzi wa mama mkwe aliuawa. Tulimkuta nyuma ya ua, tumbo limefunguliwa, sehemu kubwa ya nyama bado ipo, na majani yamefagiliwa juu yake kama mtu aliyefunika chakula chake asije akala mwingine. Nikauliza ni mbwa gani wa kufunika nyama. Mama mkwe alimlilia mbuzi wake, lakini hakumlaani aliyemla. Alisema tu kwamba bila mwenyewe kupita huku, nguruwe pori wangekuwa wamemaliza viazi zamani, na nyani wangekuwa wanakula mtama mlangoni. Nilidhani anamsifu mume wake kwa ulinzi.

Baba mkwe hakulia. Siku ile ile gari lilipanda kutoka mjini, likasimama chini ya kilima, na mtu mmoja mwenye viatu safi akaongea naye kwa muda mrefu huku wamenipa mgongo. Baadaye nilielezwa alichotaka: ngozi ya chui isiyo na tundu. Si ya mkuki, si ya mtego wa waya. Na kila Mshi anajua kwamba ngozi ile ni ya mwami, mfalme wao. Anayemuua hata kwa bahati mbaya humpeleka kwa mwami, hamuuzi. Mzee alijua hilo kuliko mimi. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma.

Kesho yake nilikuta paja la yule mbuzi limetundikwa jikoni kwenye boriti ya dari, limechanjwa chanjwa, na ndani ya mikato kuna unga mweupe. Nilidhani ni chumvi, wameitia isioze. Kumbe ilikuwa dawa ya wadudu kutoka shamba la kwinini. Mzee alikuwa ameshuka Miti na angeliweka paja lile uani jioni. Mama mkwe, akiwa na jembe begani, alinionyesha kwa kidevu.

"Ile nyama iko ya mwenyewe, maman," alisema. "Tumuachie."

Akaenda shambani. Nami nikabaki nikiwaza kama anavyowaza bibi arusi anayetaka kusifiwa. Mwenyewe atarudi na njaa. Mkamwana mwema hangoji kuambiwa. Nikakata nusu ya paja, nikaipika na vitunguu, chumvi sikutia kwa kuwa niliona ipo tayari. Mtoto wangu alisimama akishika kitenge changu akililia nyama. Kwetu Kadutu ningemkatia kipande, tena mimi ningeonja mchuzi mara tatu kabla haujaiva. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba nyama iliyowekewa baba mkwe haionjwi na mtu, hata aliyeipika. Nilichukia sana desturi ile. Nilimnyima mtoto wangu huku nikiwatukana moyoni, wao na adabu zao zote. Desturi niliyoitukana ndiyo iliyotuacha hai mpaka mzee anarudi.

Alirudi jua likiwa bado juu. Nikamnawisha mikono, nikaweka bugali na bakuli mbele yake, nikarudi nyuma kama inavyopasa. Na hapo mtoto akamkimbilia. Mzee yule asiyecheka na mtu alimpenda mjukuu wake. Tonge la kwanza lilikuwa la mtoto siku zote. Akamega bugali, akachovya, akachukua na kipande cha nyama, akakipuliza kipoe. Mtoto akafungua kinywa. Mimi nilikuwa nimejaa furaha, na nikataka ajue kwamba nimeheshimu wosia wa nyumba.

"Karibu, papa," nikasema. "Iko ile nyama ya mwenyewe."

Mkono wake ulipiga kinywa cha mtoto. Tonge likaruka, mtoto akaanguka chali akapiga yowe. Nilimrukia mzee, Mungu anisamehe, nilimshika shati baba mkwe wangu nikitaka kumrarua. Hakujitetea. Alikuwa anamtia mtoto kidole kinywani kutafuta kama kuna kilichoingia. Hakikuwamo kitu.

"Mwenyewe iko chui," alisema. "Mu ile nyama muko sumu."

Mama mkwe alikuwa ameshafika langoni. Alisikia yote mawili, sumu na lile jina. Akaangalia msituni kabla ya kumwangalia mtoto, na hilo nalo sikulisahau.

Tulichimba shimo haraka haraka nyuma ya ua, tukazika chungu, mchuzi, na ile nusu mbichi. Kwa woga tulichimba shimo fupi. Asubuhi tulikuta udongo umetawanywa. Nyama iliyopikwa ilikuwa imeachwa imelala kwenye vumbi, lakini paja bichi halikuwapo. Nyayo zilikuwa pana, laini, bila alama ya kucha, na zilielekea msituni bila haraka. Mzee alizifuata mpaka adhuhuri akarudi mikono mitupu. Yule mtu wa gari alipokuja tena, hakutoka kumwona.

Tangu siku ile msumeno ule wa koo la chui haukusikika. Nilikuwa nauogopa, sasa nikawa naamka na ukungu kuusikiliza, mtoto kifuani, nikimwomba Mungu upite tu, hata mbali. Hakuna. Kwanza tulisikia mikoromo kwenye viazi, halafu tukaona matuta yamepinduliwa, kisha nguruwe wenyewe, kundi zima, mchana kweupe.

Siku moja mimi na mama mkwe tulisimama shambani tukitazama kilichobaki. Hakunong'ona. Hakugeuka kuangalia msitu.

"Kama chui angekuwako," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "hii nguruwe haingefika hapa."

Nilimshika mkono. Alikuwa amelitaja jina, na hakuogopa kusikiwa.