Mweri na Feleji ya Injinia

Mweri Baya amekereza vyuma katika karakana moja ya Changamwe kwa miaka kumi na tisa, na vidole vyake vyote kumi angali navyo, jambo ambalo wanaume wawili waliomtangulia kwenye leti yake, mashine ya kukerezea, hawawezi kulisema. Mwezi wa Machi mkuu wake, Bwana Kioko, akaleta injinia aitwaye Justus, kijana wa vyeti vinne na kofia nyeupe isiyojua vumbi.

Siku ya tatu Justus akamwekea Mweri mhimili mnene uliong'olewa kwenye mashine kuukuu. "Nikerezee kitobozi cha mabati. Leo."

Mweri akauparuza kwa tupa. Tupa ikateleza kama juu ya kioo.

"Baba, hii ni feleji, chuma kigumu cha kutengenezea zana, na imeshakomazwa kwa moto. Haikatiki hivi. Tuilainishe kwanza."

"Chuma ni chuma, mama. Ongeza kasi tu."

Mweri akampisha. Kisu cha kwanza cha leti kililia, ncha ikaungua. Cha pili kikavunjika. Cha tatu kilimeguka, kipande kikaruka kikaipiga ile kofia, ambayo siku hiyo angalau ilifanya kazi. Mhimili haukupata hata mkwaruzo. Justus akasema mashine ni mbovu, akaenda kuandika ripoti.

Mweri akautia mhimili tanuruni mpaka ukaiva mwekundu, akaufukia katika pipa la majivu makavu upoe taratibu. Kesho yake ukakatika bila makelele. Alipomaliza kukichonga kitobozi, akakitia moto tena, akakizamisha katika mafuta, kisha akakipasha kidogo kisije kikapasuka. Kikatoboa mabati kama karatasi.

Kioko akawakusanya watu, akampongeza Justus kwa ubunifu. Tena ikatangazwa semina ya kulainisha feleji: mwalimu ni Justus, na Mweri ahudhurie bila kukosa.

Alihudhuria, akakaa mbele kabisa. "Mwalimu," akauliza kwa adabu, "yale majivu ni ya nini?"

Justus akatazama dari. "Ni ya... usafi."

Watu wakaangua kicheko. Mweri akainuka akaeleza: feleji ikipoa haraka hurudia ugumu wake, majivu huihifadhia joto, ikapoa pole pole. Justus akafungua daftari.

"Mama Mweri," Kioko akasema, "hebu punguza mwendo. Mwalimu bado anaandika."