Baba Alivyoendesha Kigari cha Kwenye Televisheni

Ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia mtu kamfungia mgonjwa wake chumba cha uani. Sogea, mwanangu, nikusimulie. Ni habari ya marehemu baba yangu, na nikiisimulia huwa najiona mrefu.

Baba alikuwa fundi cherehani Kariakoo. Alitoka Masasi akiwa kijana, akashona suti za maharusi mpaka mji mzima ukamjua. Kisha kiharusi kikampata. Asubuhi moja, nyumbani kwetu Magomeni, aliamka mkono wa kulia haunyanyuki na mdomo umepinda. Hospitali walimtibu, wakampa dawa za presha, na mtaalamu wa mazoezi akamfundisha kufinya mpira ili vidole viamke. Baba alipofika nyumbani akautupa mpira huo chini ya kitanda.

"Mimi niliyeshona makoti," aliniambia kwa ulimi mzito, "leo nifinye mpira kama mtoto?"

Akageukia ukutani. Mama akawa anamlisha, na kila siku tulimwona anapungua.

Wakati huo serikali ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusu biashara ya bidhaa za nje, mwanangu. Rafu zilizokaa tupu miaka na miaka zikajaa vitu vya nje. Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la Mhindi mmoja, Kantibhai, tukiuza redio na televisheni. Mbele ya duka tuliwasha gemu ya mbio za magari ili wateja wasimame. Watu walisimama kweli, lakini aliyeipenda kuliko wote alikuwa mama yake Kantibhai. Tulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Alikuwa akiletwa kila siku kutoka Upanga, kwa kuwa hakutaka kushinda ndani peke yake. Naye kiharusi kilikuwa kimemshika mkono wa kushoto, na kwa mkono huohuo aliendesha kigari chake huku akiyafokea magari ya wenzake kwa Kiswahili cha sokoni.

Nilipomweleza habari za baba, akasema, "Mlete."

"Ba, hatoki nje. Anaona aibu."

"Mwambie kuna bibi kizee dukani anasema fundi ni mwoga."

Nikamwambia. Hasira ndiyo iliyomtoa kitandani! Mimi na mama tulimshika huku na huku mpaka dukani.

"Shikamoo, Mama," baba alimwambia Ba bila kuinua macho.

"Marahaba, fundi. Kaa. Shika hii."

Akakipokea kidude cha vitufe cha kuendeshea kigari kwa mkono wa kushoto. Ba akamchapa kofi dogo. "Huo mzima wa nini? Nataka ule mvivu."

Tulimsaidia kuweka dole gumba la kulia kwenye kitufe cha mwendo. Kitufe hakikubonyea. Kigari cha Ba kikampita, kikazunguka, kikampita tena, na bibi anacheka kwa sauti. Watu wakajaa. Muuza mitumba mmoja akapaza sauti, "Jamani, fundi amerudi utotoni!" Nilitamani ardhi inimeze. Baba jasho linamtiririka, macho hayabanduki kwenye kioo. Mara kigari kikashtuka, kikaenda kidogo, kikagonga ukuta.

"Kimeenda!" Ba akapiga kelele.

Baba akainua kichwa, akamtazama yule muuza mitumba. "Wewe cheka," alisema polepole. "Mimi niko kazini." Kisha akamgeukia Ba. "Tena."

Tangu hapo kila siku alitaka kwenda. Mtaalamu wa hospitali aliposikia, alifurahi, ila akasisitiza mazoezi mengine yasiachwe. Baba akauchomoa mwenyewe ule mpira chini ya kitanda, kwa sababu sasa alikuwa na bibi wa kumshinda. Siku aliyomshinda, Ba alimwita mwizi mbele ya wateja, halafu akawaagizia jalebi, vile vitamu vya Kihindi, wote waliokuwa dukani.

Kutia tundu za vifungo kwa sindano hakukurudi, sikufichi. Lakini baba alirudi kwenye meza yake, akapima, akakata vitambaa, akafundisha vijana kazi. Na asubuhi ya Idi, mama aliposogea kumvalisha kama kawaida, alimwambia, "Acha, mke wangu," akafunga vifungo vya shati lake kimoja kimoja, sisi tumesimama mlangoni tunalia.

Siku hizi nasikia kuna miwani ya kompyuta mgonjwa anavalishwa, akajiona yuko shambani anachuma matunda huku yuko kitini. Sishangai.

Basi nakuasa, mwanangu: ukiona mtu wako amepinda mdomo ghafla, mkimbize hospitali. Akirudi, usimfiche. Mtafutie jambo litakaloamsha ari yake, ukae ucheze naye, na usimwachie ushindi kwa huruma, maana atajua. Wanaocheka njiani wana safari zao.

Mungu akupe afya, akutunzie wazazi wako, na wanao wakutaje kwa fahari kama ninavyomtaja baba yangu. Amina.