Siku Pikapu Yangu Ilipotazama Mawingu

Jamani, mkicheka chekeni taratibu, maana aibu hii haijapoa: mpaka leo nikipita Mgeta watoto wananiita Mzee wa Mawingu, na uzee wenyewe sijaufikia.

Nilikuwa nimenunua pikapu ya mtumba, nikapanda nayo milimani huko Mgeta Jumapili moja kwa sababu wazee wa mchumba wangu Theresia walisema jibu la posa litatolewa baada ya misa. Mwenye kauli alikuwa mjomba wake (kwa Waluguru, mjomba hachezewi), kwa hiyo asubuhi yote nilimwaga shikamoo mpaka kwa vijana wenzangu. Sasa mama yake Theresia akaniuliza kwa upole kama ningeweza kumshushia viazi vyake sokoni Morogoro, na mimi, badala ya kuuliza ni vingapi, nikajipiga kifua: "Mama, hii ni ya tani moja, lete vyote!"

Nikapiga hesabu kichwani, gunia kilo mia, basi magunia kumi, tumemaliza. Nilichosahau ni kwamba kule wanafunga lumbesa, lile gunia lenye kilemba cha viazi juu, yaani gunia limembeba mdogo wake. Nikasahau pia kwamba ile tani moja inahesabu na watu waliomo. Magunia hayakuenea, nikaacha mlango wa nyuma wazi mengine yakae pale ukingoni, mama akapanda mbele na mimi, mjomba akakwea juu ya viazi na fimbo yake, nikakanyaga mafuta kupandisha kilima cha kanisa, na watu ndio wanatoka misani.

Pua ya gari ikaanza kunyanyuka, taratibu, bila haraka yoyote, usukani ukawa mwepesi mkononi, matairi ya mbele yakabaki yananing'inia.

"Baba," mama akaniita, "mbona naona mawingu tu?" Akashika kitasa ashuke.

"Mama, usishuke!" nikapiga kelele. "Uzito wako ndio unaotushikilia!"

Kwaya nzima ilikuwa getini. Ilicheka kwa sauti zote nne.

Wanaume wa kwaya wakaja kuning'inia kwenye bampa ya mbele ndipo nikathubutu kushuka, nikaanza kushusha magunia nikiwa ndani ya suti yangu ya posa, lumbesa moja likapasuka, viazi vikaporomoka kuelekea nyumba ya padri na mimi nyuma yake (viazi vina mbio, nyie acheni). Niliporudi nikihema, mjomba alikuwa ameshuka, anajikung'uta vumbi.

"Anayepakia bila kupima," akasema, "atamweza binti yetu?"

Theresia, pale kando ya barabara, alikuwa hacheki tena. Niliona kabisa mke anakwenda, na viazi ndivyo vimemchukua.

Mama akatoa kichwa dirishani, bado amekaa palepale mbele. "Mpeni mke huyu. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia mimi mwepesi mpaka anaingia kaburini. Huyu angalau hadanganyi."

Basi nikaoa. Na niliapa: siku hizi gunia nalipima kwanza, mzigo naupanga mbele, na watu nawahesabu wote. Isipokuwa mama mkwe. Yeye akisema anapanda, simwulizi kitu, nashusha magunia mawili kimyakimya.