Nilimbadilishia Shemeji Risasi, Nikamwacha Ajilaumu

Mimi ni mjinga mwenye shahada mbili, na kwa ujinga wangu shemeji yangu hawezi tena kukunja kidole gumba cha mkono wa kushoto. Naanza na hilo ili asije mtu akanionea huruma kabla sijamaliza.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wangu, nitamwita Gasper. Ni mfamasia hapa Mississauga, Kanada, mtu wa vipimo. Hata sukari ya chai anaisawazisha kwa kisu! Kwa miaka mingi nilimtania kwa hilo, naye alinitania kwa makala zangu za mazingira, ambazo husomwa na mimi na mhariri, tena mhariri kwa kulazimishwa.

Tulikuwa na starehe moja ambayo wenzetu wa ibada ya Kiswahili waliiona wazimu. Nje ya Toronto kuna klabu ambako visahani vya udongo hurushwa angani, nawe unavipasua kwa bunduki ya marisau, vile vipunje vidogo vya risasi. Hatuui kitu. Tunavunja vyombo.

Risasi tulijaza wenyewe, kwenye gereji ya Gasper. Unachukua ganda lililokwisha kutumika, unatia baruti, unaweka kikombe kidogo, unamimina marisau ndani yake, unafunga. Kikombe hicho kwa kawaida ni cha plastiki, na kila ukipiga kinaruka na kuanguka mbele yako. Theluji ikiyeyuka uwanja wetu ulibaki mweupe vilevile, kwa vikombe! Upepo ulivipeleka shamba la jirani, mvua ikavipeleka kijitoni.

Nikaamua kuiokoa dunia, nikianzia na Gasper.

Vipo vikombe vilivyotengenezwa kwa mimea, vinavyooza ardhini. Nilinunua mfuko mzima, nikamtupia mezani kwake kama mtu anayetupa hati ya mashtaka.

"Shemeji, hivi vinataka kipimo kingine cha baruti," alisema. "Tena vinataka kukaa pakavu. Ngoja nimalize vya zamani, nisome maelekezo, nijaribu taratibu."

"Utasoma mpaka bahari ijae plastiki."

"Wewe uliyepanda ndege kwenda Dar mara mbili mwaka huu? Kwa harusi za watu usiowajua?"

Mdogo wangu Agripina alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Nami nilicheka. Ndani nilikuwa nachemka. Nilirudi nyumbani na mfuko wangu, nikauacha wazi kwenye chumba cha chini, kando ya mashine ya kufulia, nikakaa na hasira yangu kama mtu anayelea mtoto.

Ufunguo wa gereji nilikuwa nao. Siku moja Gasper akiwa kazini nilikwenda, nikajaza risasi kwa vikombe vyangu. Kipimo cha baruti sikukibadilisha. Maelekezo sikuyasoma. Mimi, mwalimu ninayewafokea wanafunzi wangu kwa kutosoma maswali! Nikatoa risasi zake kwenye sanduku lake, nikaweka zangu. Maganda ni yaleyale; kwa nje hazikuwa na tofauti.

Mpango wangu ulikuwa huu: apige vizuri mbele ya watu, kisha nitangaze kwa sauti kwamba siku nzima alikuwa akitumia vile alivyovikataa. Sentensi ya kumdhalilisha nilikuwa nimeshaitunga. Nilikuwa nimeirekebisha hata mara ya pili, kwa ajili ya mahadhi.

Tulipofika uwanjani alivunja visahani vya kwanza bila shida. Nikaanza kutabasamu kama mwizi aliyepewa ufunguo wa duka.

Kisha ikatoka risasi moja yenye sauti dhaifu, kama kizibo cha soda. Marisau yakadondoka karibu tu.

Yeyote anayecheza mchezo huu anajua la kufanya ukisikia sauti ile. Unasimama. Unatoa kila kitu, unatazama ndani ya mtutu, kwa sababu kikombe huenda kimekwama humo, na risasi inayofuata ikaupasua mtutu. Gasper aliifungua bunduki, mkono ukaenda mfukoni kutafuta tochi yake ndogo.

Nikaona kitakachofuata. Angetoa kikombe cha rangi ya udongo mbele ya wazee wote wa klabu, na mwenye kudhalilika ningekuwa mimi.

"Shemeji, acha kuchungulia!" nikamwambia. "Ni baridi tu imeipunguza nguvu. Au mfamasia anaogopa?"

Niliyasema kwa Kiswahili, jamani. Mzungu aliyesimamia usalama alikuwa karibu nasi, na kama ningesema kwa Kiingereza angetuzuia sote. Aliona watu wawili wanataniana, akageuka kuongea na mwingine.

"Mimi niogope?" Gasper akasema.

Akatia risasi nyingine, akafunga, akapiga.

Mtutu ulipasuka pale mkono wake wa kushoto ulipoushika. Sitaelezea damu. Nitaelezea mimi nilifanya nini, maana hilo ndilo baya zaidi. Wengine walipokuwa wakifunga kidonda, nilichukua sanduku la risasi zilizobaki, nikalificha garini mwangu. Nilikuwa na akili timamu kabisa!

Klabu ilisema Gasper alikosea kujaza. Naye akakubali. "Nitakuwa nimekosea kipimo," alisema hospitalini, na mimi nilikaa kando ya kitanda, nikimshikia kikombe cha maji.

Kidole kilipona kwa kiasi chake. Ni mtu mwenyewe ndiye aliyeharibika. Kazini akaanza kuhesabu vidonge, anamwaga, anahesabu upya. Foleni ikarefuka, wateja wakafoka. Mwishowe akaomba likizo, akakaa nyumbani akitazama ukuta.

"Kaka, njoo uongee naye," Agripina aliniambia kwa simu. "Wewe anakusikiliza."

Nikaenda. Nilimpelekea machungwa! Nilimwambia, "Hutokea kwa kila mtu, shemeji." Nilikwenda tena na tena na uongo uleule, na kila nikiondoka Agripina alinishukuru.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa mezani kwao, na mtoto wao mdogo alikuwa na homa. Agripina akampa Gasper chupa ya dawa ampimie mtoto. Akaimimina kwenye kijiko, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama muda mrefu. Akamrudishia mkewe.

"Pima wewe," alisema. "Mimi siaminiki."

Mfamasia! Kwa mwanawe mwenyewe!

Nikasema yote pale pale: vikombe, sanduku, ile kejeli yangu. Nilidhani atanirukia. Hakuuliza habari za kidole.

"Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa sawa?"

"Kilikuwa sawa."

"Na umeniacha miezi yote hii nijione mwendawazimu."

Akachukua kijiko mkononi mwa Agripina, akapima dawa, akamnywesha mtoto. Akafunga chupa. Ndipo akanigeukia.

"Toka kwangu."

Agripina alinifuata hadi mlangoni. Nikadhani labda yeye, damu yangu, atanihurumia. "Nikifa usije kunizika," akasema, akafunga mlango.

Klabu nilikwenda kuwaambia mwenyewe. Wamenifukuza, na haki yao. Wamepiga marufuku pia vikombe vya mimea, ambavyo havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mtu asiyesoma maelekezo. Sasa kila mpenda plastiki pale ana hadithi ya kusimulia, na nimempa mimi.

Gasper amerudi kazini. Msiniandikie kwamba basi nimejisafisha. Alichohitaji ni sentensi moja ambayo ningeweza kuisema hospitalini siku ya kwanza, nikiwa nimeshika yale maji.

Nawe unayesoma huku ukijiambia wewe hungefanya hivi, ninakujua, nilikuwa wewe. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayejilaumu kwa kosa lako, usimpelekee machungwa. Usimwambie hutokea kwa kila mtu. Inuka sasa hivi, mwambie ni wewe. Atakufukuza.

Nenda, na umshukuru kwa kuwa amebaki na nguvu za kukufukuza.