Shangazi Aliyempikia Mumewe Pombe

Shangazi yangu Mahfoudha, ambaye swala ya alfajiri haijampita tangu avunje ungo, aliwahi kumpikia mumewe pombe.

Tena hakudanganywa. Aliipika makusudi, hapa hapa Ibra, Omani, mwaka 1983. Kabla hamjaanza kumtukana kule chini kwenye maoni, someni mpaka mwisho.

Mumewe akiitwa Marzouq, Mwarabu wa Tabora, karani wa stoo kwenye kambi ya barabara. Mtanashati, dishdasha imenyooka, kilemba kimekaa. Lakini huko Tabora alikuwa mlevi wa kutupwa, na kila mtu alijua.

Kwa hiyo siku ya ndoa, alipokwisha kukubali ndoa tu, baba yangu Hamed, kaka wa shangazi, akamtaka aape. Marzouq akaapa mbele ya baba na mbele ya mamake mzazi, Bi Kaltham: "Nikitia tena pombe mdomoni, Mahfoudha ameachika."

Watu wakasema keshajitia kitanzi, hatathubutu.

Alithubutu mapema sana. Anarudi kutoka kambini ananuka, kinywa kimejaa karafuu, anadai kanywa dawa ya kifua. Analala anacheua, shangazi anageukia ukutani na kuziba pua kwa ncha ya leso. Na asubuhi mtu huyo huyo anatangulia msikitini, anakaa safu ya mbele. Hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi kuliko harufu.

Alipodai talaka yake, Marzouq alimuuliza swali moja tu. "Nani kaniona?"

Hakuna. Wenzake wa kunywa walikuwa wageni wa kambini, nao hawakuwa na habari na ndoa ya mtu. Baba akamwambia dada yake avumilie, maana bila ushahidi hawezi kumtoa mke nyumbani kwa mumewe.

Barabara ikaisha, kambi ikang'olewa, wageni wakaenda zao. Marzouq akabaki na kiu yake na kipimo cha kioo alichoachiwa na mmoja wao, kijiti chembamba chenye alama, cha kuelea ndani ya pombe inayotengenezwa.

Akaanza kuotesha mtama bafuni, juu ya gunia bovu. Mkewe akiuliza, anajibiwa kuwa ni siki. Mtama ukaota ukungu, ukateleza, ukanuka soksi, na shangazi akawa anaoga amefumba macho. Bwana akauanika, akausaga, akauchemsha ukawa togwa, akatia asali ya tende na hamira ya mkate, akamimina kwenye mtungi stoo.

Kisha anatumbukiza kioo chake. Kikielea juu, utamu bado mwingi. Hamira ikiula utamu, kioo huzama kidogo kidogo, na hapo pombe imefika.

Kioo hakikuzama. Kilisimama pale pale, na juu ya togwa pakafanya utando wa kijivu wenye mbu waliokufa. Akamwaga uani, nzi wakahamia kwetu mtaa mzima. Akapika tena, akazidisha asali ya tende ati iwe kali, kioo kikazidi kupanda.

Asilolijua ni kwamba shangazi alikuwa akiufukiza mtungi. Kwetu chombo cha maji hakijazwi bila ubani. Unakifudikiza juu ya chetezo mpaka kijae moshi. Alifanya kwa mazoea, kama kwa mitungi yote, na moshi ule ukawa unaidhoofisha hamira kabla haijaanza kazi.

Siku alipoinama kuuosha, harufu ikampanda. Safari hii togwa lilikuwa limechacha kidogo, na harufu ilikuwa ile ile ya kitandani kwake. Alikimbilia uani kutapika.

Mwingine angeuvunja mtungi. Shangazi alikaa akafikiri. Akiwaita watu, mume atasema ni siki, na katika ukoo wetu nani angeonja ili atoe ushahidi? Ushahidi ulikuwa mmoja, mdomo wa Marzouq mwenyewe. Na kwanza ilibidi anywe.

Basi akamwendea kwa upole. "Bwana, siki yako imezidi uzito. Mama yangu Unguja akiipunguza kwa maji, maana utamu ukizidi hamira inashindwa. Na baridi hii ya usiku, tuifunike blanketi."

Marzouq akafurahi, kapata msaidizi. Shangazi akasuuza mtungi kwa maji ya moto, chetezo hakukigusa, maana keshatambua moshi ndio uliokuwa ukiishinda hamira. Akachanganya mwenyewe, pua kaifunga kitambaa, anasoma istighfari. Togwa likatoa povu chafu, likawa linakoroma stoo usiku na mchana, na kioo kikaanza kuzama.

Kilipozama cha kutosha, ikawa Ijumaa. Shangazi akawaalika baba na Bi Kaltham chakula cha mchana, wali na nguru wa Sur wa kukaanga. Marzouq akaja na bilauri yake, akaeleza kuwa ni siki na maji, dawa ya tumbo. Akainywa yote mbele ya mamake, akafuta povu kwenye masharubu. Baba anasema hajapata kuona uso mkavu kama ule.

Shangazi akatoka jikoni na kibakuli, akakiweka mbele ya mkwewe. "Mama, hii siki ya mwanao. Mwagia samaki wako."

Bi Kaltham, aliyerudi hija mwaka ule ule, akamshukuru, akamwagia, akamega tonge. Marzouq alimtazama mkewe, akamtazama mamake. Tonge likapanda kuelekea mdomoni.

"Mama, usile."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Si siki."

Bi Kaltham aliitazama ile bilauri tupu, akarudisha tonge, akanawa mikono. Akamwambia baba amchukue dada yake, kwani pale si kwake tena.

Garini baba alifoka. Alimuuliza shangazi amewezaje kumwekea haramu mbele bibi wa watu aliyetoka kuhiji juzi.

"Ya kwenye kibakuli ilikuwa siki kweli," shangazi alimjibu. "Niliagiza sokoni Sinaw."

Hadithi lazima iwe na funzo, haya chukueni. Mwongo usibishane naye. Mwamini, tena mwamini mbele ya mtu anayempenda.